Kabla ya kuongeza uniti za insulini, ngozi ya mgonjwa ishikwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini, pamoja na wale wanaowahudumia nyumbani na katika kliniki, kuhusu vinundu vinavyoota chini ya ngozi pale ambapo sindano ya insulini huchomwa mara kwa mara. Kila inapokaribia tarehe 14 Novemba, ambayo ni Siku ya Kisukari Duniani, magazeti yetu huandika habari nyingi na nzuri kuhusu chakula, mazoezi, macho, figo na vidonda vya miguu. Ngozi ya tumbo na ya mapaja, ambako insulini huingilia mwilini, haitajwi. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya kisukari kwa miaka mingi, na ombi langu ni moja: dozi ya insulini ya mgonjwa isiongezwe kabla ya mtu kuishika kwa vidole ngozi ambayo mgonjwa huyo anaichoma.

Wenzangu wa kliniki watamtambua mgonjwa ninayemzungumzia. Anafika na daftari lake likiwa limeandikwa vizuri. Asubuhi ya Jumatatu sukari yake ilikuwa milimoli 16 kwa lita, Jumanne 9, Jumatano 19, na Alhamisi alasiri ilishuka hadi 3, akatetemeka na kutokwa jasho mpaka wenzake wakampa chai yenye sukari, ingawa siku hiyo alikula kama kawaida na alichoma uniti zilezile. Tabibu anamuuliza kama huwa anaruka dozi, naye anakataa. Anamuuliza juu ya soda na ugali wa usiku, naye anajibu bila kuficha. Anamuuliza dawa anaihifadhi wapi, naye anasema iko kwenye chungu chenye maji au kwenye friji ya jirani. Foleni nje ni ndefu. Kwa kuwa sukari kwa jumla iko juu, zinaongezwa uniti mbili za asubuhi na mbili za jioni, na mgonjwa anaambiwa arudi baada ya mwezi. Anaporudi, sukari bado inapanda na kushuka vilevile, na uniti zinaongezwa tena. Muda wote huo hakuna aliyemwomba apande kitandani na kufunua tumbo. Lau angeombwa, vidole vya muuguzi vingekutana, pembeni mwa kitovu, na sehemu iliyoinuka, inayobonyea au yenye ugumu kiasi, isiyouma, ambayo mgonjwa mwenyewe ameizoea hata haoni kuwa ni jambo la kumweleza daktari.

Uvimbe huo si jipu, si saratani, wala si ushahidi kwamba dawa ni mbovu. Ni mafuta. Miongoni mwa kazi za insulini ni kuziamuru chembe za mafuta zipokee sukari na mafuta kutoka kwenye damu na kuyaweka akiba. Insulini inapomwagwa mahali pamoja siku baada ya siku, chembe za hapo hupata amri hiyo kwa wingi kuliko chembe nyingine zote za mwili, nazo hunenepa na kuongezeka. Majeraha madogo ya sindano nayo huchangia, hasa sindano iliyotumika mara nyingi hadi ncha yake ikawa butu. Kinundu, basi, hutokana na dawa kufanya kazi yake mahali ambapo kazi hiyo haikutakiwa. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaoiogopa insulini wakidhani inawatia ugonjwa mwingine, na wapo wanaoanza kukikanda kinundu kwa maji ya moto au hata kufikiria kukichanja. Kinundu hakihitaji hayo. Kinahitaji kuachwa kisichomwe tena.

Matatizo ya ngozi yana umri sawa na tiba yenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyelazwa hospitalini Toronto, Kanada, alichomwa tarehe 11 Januari 1922, na mahali alipochomwa palifanya jipu kwa sababu dawa ile ilikuwa bado na uchafu mwingi; siku kumi na mbili baadaye alichomwa dawa iliyosafishwa vizuri zaidi na mwanakemia James Collip, na sukari yake ikashuka. Kwa miongo mingi iliyofuata insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, na baadhi ya waliotumia dawa hiyo walipata mashimo kwenye mapaja, kwa kuwa kinga ya mwili, katika kupambana na dawa isiyo safi, iliyayeyusha mafuta ya mahali hapo. Tangu insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa msaada wa vijidudu ilipoidhinishwa mwaka 1982, mashimo yale yamekuwa nadra. Vinundu havikuondoka, kwa kuwa chanzo chake ni insulini yenyewe, na hata zile insulini za kisasa za bei kubwa huvileta zinapochomwa mahali pamoja. Mgonjwa asitumaini kwamba akibadilishiwa aina ya dawa vinundu vitakwisha ilhali mkono wake unarudi palepale.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la urembo wa ngozi tu. Insulini iliyochomwa ndani ya kinundu hainyonywi kuingia kwenye damu kwa kasi ile ambayo daktari alitegemea alipopanga dozi. Leo inakawia, na chakula cha asubuhi kinapandisha sukari kana kwamba mgonjwa hakuchoma kitu. Kesho inatoka kwa kasi nyingine saa ambayo haikutazamiwa, na sukari inashuka mgonjwa akiwa shambani au ndani ya daladala. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa 430 wanaojichoma insulini. Karibu theluthi mbili yao, yaani asilimia 64.4, walikuwa na vinundu. Miongoni mwa wenye vinundu, asilimia 39.1 walikuwa wakipatwa na kushuka kwa sukari bila sababu inayoeleweka, na miongoni mwa wasio navyo walikuwa asilimia 5.9 tu. Wenye vinundu walitumia wastani wa uniti 56 kwa siku. Wasio navyo, uniti 41. Tena, kati ya waliokuwa wakihamisha mahali pa kuchoma kwa utaratibu sahihi, ni asilimia 5 tu waliokuwa na vinundu, ambapo karibu wote wenye vinundu ama hawakuhamisha kabisa ama walihamisha vibaya.

Hispania si Tanzania, na takwimu hizo sizileti hapa kama zilivyo. Lakini hesabu ya uniti inatugusa kuliko inavyowagusa Wahispania. Kichupa cha kawaida cha insulini tunachotumia kina mililita 10, na kila mililita ina uniti 100, hivyo kichupa kizima ni uniti 1,000. Mgonjwa anayetumia uniti 15 za ziada kila siku kwa sababu tu anachoma ndani ya kinundu hutumia uniti 450 za ziada kwa mwezi, ambazo ni karibu nusu ya kichupa. Kwa anayenunua dawa mfukoni mwake, hiyo ni fedha ya chakula au ya ada ya mtoto. Kwa kliniki inayogawa dawa, ni nusu ya kichupa ambayo mgonjwa mwingine anaweza kuambiwa imekwisha.

Wagonjwa wengi, na hata baadhi yetu tunaowahudumia, sukari inapoyumba huwa tunaelekeza lawama kwenye joto. Joto kweli huiharibu insulini, na sitaki msomaji yeyote akiache kichupa chake juani au ndani ya gari lililofungwa vioo. Hata hivyo, utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata hali ya joto iliyopimwa katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu zake karibu zote. Ikiwa kichupa kimekaa kwenye chungu chenye ubaridi ndani ya nyumba yenye kivuli, na hakijapitisha muda wake, si haki kukilaumu kabla ya kulitazama tumbo la mgonjwa. Vivyo hivyo kwa insulini yenye rangi ya maziwa ambayo haikuchanganywa vizuri kwa kuviringishwa taratibu kati ya viganja: ni sababu ya kweli ya sukari kuyumba, na ni ya kuulizwa, ila isiulizwe peke yake.

Kinachowafanya wagonjwa warudi mahali palepale si uzembe. Kinundu hakiumi. Mishipa ya fahamu ya hapo hupoteza wepesi wake wa kuhisi, na kadiri mtu anavyopachoma ndivyo sindano inavyozidi kutosikika. Mtoto wa miaka saba anayechomwa mara mbili au zaidi kwa siku, kila siku ya maisha yake, akigundua kwamba kuna mahali pasipouma, atanyoosha kidole na kusema, "Mama, hapa." Mama gani atakataa? Akihamisha sindano kwenda kwenye ngozi mpya, mtoto analia, na mama anaona kama anamtesa mwanawe bila sababu. Ndiyo maana haitoshi kumwambia mzazi ahamishe. Inabidi aelezwe kwamba kutouma kwenyewe ni dalili ya ngozi iliyoharibika, na aelezwe namna ya kupunguza maumivu kwenye ngozi nzima, yaani isiyo na kinundu: dawa iliyotoka kwenye ubaridi iachwe kwanza ipate joto la chumbani, spiriti ikauke kabisa kabla ya kuchoma, sindano iwe mpya na fupi, na iingizwe kwa mkono usiositasita.

Wapo pia wanaorudi palepale kwa kukosa faragha, na hawa nawafikiria sana. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeishi bweni, ambaye hataki wenzake wajue ugonjwa wake, huamka kabla ya kengele na kuchoma paja lake gizani, juu ya shuka, mahali ambapo mkono unafika wenyewe. Mama lishe au dereva wa bodaboda huchoma nyuma ya kibanda, tena wakati mwingine kupitia nguo, na mahali panapofikika ni pamoja tu. Utaratibu wa kuhamisha sindano unahitaji mwanga, dakika chache na mahali pa kujifunua bila aibu. Matroni na walimu wa malezi wanaweza kumpa mwanafunzi huyo chumba chenye mlango asubuhi na jioni. Ni msaada mdogo usiohitaji bajeti, na unaweza kumwokoa kijana asizimike darasani kwa sukari kushuka.

Nije kwenye utaratibu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodhani wanafanya sawa kumbe sivyo. Ukimuuliza mgonjwa kama anahamisha sindano, mara nyingi atajibu, "Ndiyo, leo kulia, kesho kushoto." Ukimshika, unakuta vinundu viwili, kimoja kila upande wa kitovu, vinavyolingana. Kubadilishana kati ya nukta mbili si kuhamisha. Mwezi Oktoba 2015 wataalamu 183 kutoka nchi 54 walikutana Roma, Italia, wakapitia mapendekezo ya namna ya kuchoma insulini, yakachapishwa mwaka uliofuata. Utaratibu unaopendekezwa humo unaweza kufuatwa na mtu yeyote anayejua kuhesabu wiki. Tumbo ligawanywe robo nne kwa mistari miwili ya kufikirika inayokatana kwenye kitovu. Robo moja itumike wiki nzima, kisha mgonjwa ahamie robo inayofuata kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Ndani ya robo hiyo, kila sindano iwe mbali na iliyotangulia kwa sentimita 1 au zaidi, ambao ni kama upana wa kidole kimoja cha mtu mzima, na kitovu chenyewe kisisogelewe sana. Mapaja na makalio hugawanywa nusu badala ya robo, kwa utaratibu uleule wa wiki. Anayechoma mara mbili kwa siku tumboni huingiza sindano 14 katika robo moja kwa wiki, na robo hiyo ikishamaliza zamu yake hupumzika wiki tatu nzima kabla ya kuguswa tena. Mapumziko hayo ndiyo yanayoikinga ngozi.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wetu wengi, kwa kuwa wanatumia insulini ya mchanganyiko ya 30/70 (asilimia 30 ya haraka na 70 ya taratibu) au insulini ya kawaida ya binadamu, wanapaswa kulijua zaidi ya wanaotumia dawa mpya. Insulini hizi hunyonywa haraka zaidi tumboni, na taratibu zaidi kwenye mapaja na makalio. Kwa sababu hiyo haifai mtu arukeruke, asubuhi hii tumboni, asubuhi inayofuata pajani, maana atakuwa amejitengenezea yumbisho jingine la sukari wakati akikimbia vinundu. Inashauriwa dozi ya asubuhi ya mchanganyiko iende tumboni, ili ile sehemu yake inayofanya kazi haraka ikutane na kifungua kinywa, na ya jioni iende kwenye paja au kalio, ili isimshushe sukari usiku akiwa amelala. Saa ileile ya siku, sehemu ileile ya mwili, lakini ndani ya sehemu hiyo nukta mpya kila mara: hivyo ndivyo ninavyowaeleza wagonjwa, na wanaelewa bila shida. Niongeze kwamba mwanafunzi anayekwenda kucheza mpira, au mkulima anayekwenda kulima, asichome paja muda mfupi kabla ya kazi hiyo, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huharakisha unyonywaji.

Kuhusu kujikagua, macho peke yake hayatoshi. Vinundu vingi havionekani kwa kutazama mbele. Huonekana kidogo mwanga unapotoka ubavuni, na hupatikana vizuri zaidi kwa vidole. Mgonjwa ajikague wakati wa kuoga, mikono ikiwa na povu la sabuni ili vidole viteleze, apitishe taratibu kutoka kwenye ngozi ambayo hajawahi kuichoma hadi kwenye anayoichoma, na asikilize tofauti ya unene na ugumu. Akiifinya ngozi nzima kati ya kidole gumba na cha shahada, itakunjika na kuinuka. Ngozi yenye kinundu haikunjiki vile. Mwenye macho dhaifu, na kisukari huwadhoofisha wengi macho, aombe mtu wa nyumbani amsaidie. Akikipata kinundu, akizungushie alama kwa kalamu ya wino na amwonyeshe muuguzi siku ya kliniki.

Naomba sasa msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Mgonjwa ambaye amekuwa akichoma ndani ya kinundu kwa muda mrefu, na ambaye uniti zake zimepandishwa kwa sababu hiyo, asihamie kwenye ngozi nzima akiwa na dozi ileile kubwa. Ngozi nzima itainyonya dawa yote ipasavyo, na sukari inaweza kushuka vibaya siku hiyohiyo. Kuhama kufanyike kwa ushauri wa kliniki, dozi ikipunguzwa. Mara nyingi punguzo huwa kama moja ya tano ya dozi, na kwa wengine huzidi hapo. Katika siku za mwanzo sukari ipimwe mara nyingi kuliko kawaida, ikiwemo kabla ya kulala, na glukosi au sukari ya kawaida iwe karibu. Asiye na mashine ya kupimia asihame peke yake. Afike kliniki au zahanati apimwe. Nimeliandika hili kwa kirefu kwa kuwa ushauri wa "badilisha mahali" ukitolewa mlangoni, bila neno juu ya dozi, ni ushauri wa hatari.

Kwa waganga wafawidhi na wasimamizi wa kliniki, najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni muda. Siku ya kliniki ya kisukari wagonjwa hujaa tangu alfajiri, na daktari ana dakika chache kwa kila mmoja. Lakini kazi ya kushika ngozi si lazima ifanywe na daktari. Muuguzi anayepima uzito na presha anaweza kumlaza mgonjwa nyuma ya pazia, akapitisha vidole tumboni na mapajani kwa muda usiozidi dakika mbili, na akaandika kwenye kadi maneno machache: hana vinundu, au anavyo, na viko wapi. Daktari akiifungua kadi ataliona hilo kabla hajashika kalamu kuongeza uniti. Kila anayeanza insulini afundishwe utaratibu wa robo tangu siku ya kwanza, kwa mchoro, na ngozi yake ikaguliwe walau mara moja kwa mwaka, na kila mara sukari inapoyumba bila sababu. Wagonjwa wa kike wapewe muuguzi wa kike inapowezekana. Wapo akina mama waliokaa na vinundu muda mrefu kwa sababu tu hawakuwa tayari kufunua tumbo mbele ya kijana wa umri wa watoto wao.

Suala la sindano ni gumu zaidi, nami sitajifanya kwamba elimu peke yake italimaliza. Mabomba ya sindano ya insulini yametengenezwa yatumike mara moja. Wagonjwa wetu huyatumia siku nyingi kwa kuwa wanayanunua wenyewe, au kwa kuwa hupewa machache pamoja na dawa, na ncha butu huichana ngozi na kuongeza vinundu. Mamlaka zinazopanga ununuzi wa dawa, na bima zinazolipia insulini, zinapaswa kuihesabu sindano kuwa sehemu ya dozi. Na zinaponunuliwa, zichaguliwe fupi. Unene wa ngozi ya mtu mzima kwenye sehemu za kuchoma ni kati ya milimita 2 na 3 hivi, awe mnene au mwembamba, ndiyo maana kwenye kalamu za insulini, yaani vifaa vya kuchomea vyenye umbo la kalamu, sindano ya milimita 4 inamtosha karibu kila mtu. Sindano ndefu za bomba huweza kufika kwenye misuli, hasa kwa watoto na watu wembamba, ambao inabidi wafinye na kuinua ngozi kabla ya kuchoma.

Vinundu vikiachwa bila kuchomwa hupungua taratibu, kwa wiki au miezi kadhaa, na vingine huchukua muda zaidi. Kilicho kigumu sana, kinachouma, chenye joto au wekundu, au ambacho kimeachwa kwa miezi bila kubadilika hata kidogo, kionwe na daktari, kwa sababu kinaweza kuwa kitu kingine kisichoondoka kwa kupumzishwa.

Mwisho, Ndugu Mhariri, naliomba gazeti lako lichapishe mchoro mmoja wa mwili wa mtu ukionyesha robo nne za tumbo, nusu za mapaja na za makalio, na mishale ya kuhama kutoka wiki hadi wiki, uwe wa ukubwa unaoweza kukatwa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Niko tayari kuusaidia mkono wa mchoraji wenu kwa maelezo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa kliniki ya kisukari,
Morogoro